Kakakuona Aliyekimbia Nchi ya Chui

—Niwape, nisiwape?
—Tupe!
—Nikiwapa mtaiweka wapi?
—Moyoni!
—Ikijaa moyoni?
—Tutamgawia jirani!

Haya, sogeeni. Wenye mahindi ya kupukuchua endeleeni kupukuchua. Mikono ifanye kazi yake, na masikio yafanye yake.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa wakisema kama mimi na nyinyi, palikuwa na nchi mbili, na katikati yake ulipita mto. Upande wa huku walikaa wanyama wasiokuwa na mfalme. Walikuwa na baraza lao tu, na msemaji wa baraza alikuwa Bwana Ngiri. Upande wa kule alitawala Chui.

Chui alikuwa na amri moja. Kila asubuhi nyumba moja impeleke mtu wake jumbani, akamwamkie. Wengine walikwenda wakarudi. Wengine walikwenda wasirudi. Alikwenda Swala, hakurudi. Alikwenda Sungura, hakurudi. Alikwenda Kwale na mumewe, hawakurudi. Ndugu zao wakiuliza, Chui alijibu kwa upole huku akijilamba masharubu, "Nimewatuma kazi ya mbali. Watarudi."

Mwishowe hakuna aliyeuliza tena. Wakipita mbele ya lile jumba walitazama chini, wakaharakisha.

Katika nchi hiyo alikaa Kakakuona na mama yake. Mnamjua Kakakuona? Ndiye yule mwenye magamba mwili mzima na ulimi mrefu, anayekula mchwa na sisimizi. Hana meno, hana kelele. Akishtuka hujikunja akawa duara, uso ndani, magamba nje.

Siku moja jirani yake, Mama Digidigi, alikwenda kuamkia, asirudi. Nyumbani alikuwa ameacha mtoto anyonyaye. Kakakuona akamsikia yule mtoto akilia tangu asubuhi, akilia mchana, akilia mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake Chui alipowakusanya watu wake wote, Kakakuona alisimama akauliza, "Bwana mkubwa, mbona wanaokuja kukuamkia wengine hawarudi?"

Basi, hilo tu. Hakutukana. Hakurusha jiwe.

Mkutano mzima ukanyamaza. Chui akatabasamu. "Swali zuri. Njoo kesho jumbani, nikujibu wewe peke yako."

Kakakuona alipofika nyumbani mama yake alikuwa amekwisha kusikia. Akamwambia, "Mwanangu, usiingoje hiyo kesho."

"Twende sote, mama."

"Mimi miguu hii haifiki mtoni. Nenda wewe. Nikijua uko mahali unapumua, nami nitapumua."

Akaenda. Mbwa mwitu wa Chui wakamfukuza, wakampata karibu na maji. Kabla hajawahi kujikunja, mmoja akamrarua tumboni, pale pasipo na magamba. Akajitupa mtoni, maji yakambeba, yakamtupa upande wa huku.

Wanyama wa huku wakamkuta kwenye mchanga. Wakamzunguka. Walikuwa hawajapata kuona kitu kama kile.

"Mimi ni Kakakuona," akasema. "Nimekimbia kwa Chui, mbwa mwitu wake wameniuma. Naomba mahali pa kukaa."

Bwana Ngiri akaliitisha baraza palepale. Hakuwa mbaya, Bwana Ngiri. Alipenda tu mambo yaende kwa utaratibu. Akauliza, "Huko kwenu mko wengi. Kama ni kubaya namna hiyo, mbona umekimbia wewe peke yako?"

Kakakuona alifungua mdomo ajibu. Akaukumbuka mkutano, watu wametazama chini, Chui anatabasamu. Magamba yakasimama, kra! Akajikunja duara.

Wakamngoja. Alipojikunjua, Nungunungu akauliza, "Tutajuaje hukutumwa na Chui uje kutupeleleza?"

Kakakuona alifungua mdomo. Magamba yakasimama, kra! Akajikunja.

Wakamngoja tena. Sasa akauliza Tumbili, ambaye alikuwa hodari wa kusema kuliko wote. "Unasema uliumwa na mbwa mwitu. Jeraha liko wapi? Mimi naona magamba matupu yanang'aa!"

Jeraha lilikuwa tumboni, na tumbo ndilo asiloweza kumwonyesha mtu. Kra! Akajikunja, akakaa hivyohivyo.

Tumbili akacheka, akatunga wimbo, watoto wakaudaka. Itikieni nanyi:

Kakakuona, fungua mlango,
tuone ndani kama si uongo!
Kakakuona, fungua mlango,
tuone ndani kama si uongo!

Wimbo ulikuwa mtamu, kweli. Hata wakubwa walitikisa vichwa wakiufuata. Na mgeni alikuwa ndani ya magamba yake, anausikia wote.

Katika baraza alikuwamo Bi Kanga, yule ndege wa madoa meupe, mjane. Akasimama akasema, "Huyu nitakwenda kukaa naye."

"Ala! Unamwamini?" akauliza Tumbili.

"Sijasema namwamini. Nimesema jua ni kali, na yeye yuko mchangani."

Akamsukuma polepole, bingiribingiri, mpaka uani kwake, kwenye kivuli cha mti wa ukwaju.

Akamwekea mtama. Kakakuona alipojikunjua aliutazama ule mtama, akatoa ulimi wake mrefu, akaugusa kwa adabu, akaurudisha ulimi. Akautoa tena, akaurudisha. Bi Kanga akaangua kicheko. "Kumbe huli mtama! Si useme, mwanangu? Unakula nini?"

"Mchwa, mama. Kama wapo."

"Wapo? Wanaitafuna nyumba yangu! Pita nyuma."

Basi wakaishi. Bi Kanga hakumwuliza kitu. Akiparura uani alizungumza mambo yake tu: marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma, mayai yaliyoibwa na kicheche mwaka wa mvua nyingi, jirani asiyerudisha kinu. Kakakuona alisikiliza. Kwanza alisikiliza akiwa amejikunja, kisha pua ikawa nje, kisha kichwa kizima.

Asubuhi moja, Bi Kanga akiwa katikati ya habari za kinu, Kakakuona akasema, "Mimi niliuliza swali."

Bi Kanga akaacha kuparura.

Kakakuona akamweleza yote. Kilio cha mtoto wa Digidigi. Mkutano. Tabasamu. Mama yake aliyebaki mlangoni. Kisha, taratibu, akageuka akamwonyesha tumbo. Kovu lilitoka kifuani mpaka kwenye paja.

Bi Kanga akalitazama. Halafu akasema, "Nilikuwa nusunusu, mwanangu. Nilipokupa kivuli nilikuwa nusu nakuamini, nusu sikuamini. Unisamehe ile nusu."

Akaenda barazani kuwaambia wenzake. Tumbili akasema, "Umekwisha kumlea, ndiyo maana unamtetea." Nungunungu akasema, "Mimi naona abaki tu, maana anatumalizia mchwa."

"Na kama angekuwa hali mchwa?" akauliza Bi Kanga.

Wakaendelea na mambo mengine.

Haikupita muda mrefu, mto ulipopungua maji, akavuka Bweha, mjumbe wa Chui. Alikuwa nadhifu, ameuchana mkia wake, na mgongoni amebeba mfuko wa chumvi. Chumvi ilikuwa adimu upande wa huku. Akausimika mfuko katikati ya baraza, akafungua mdomo wake.

"Chui anawasalimu sana, majirani wema. Amesikia mnamtunza mtu wetu, anashukuru. Lakini ndugu zangu, huyu ni mwizi. Aliiba akiba ya chumvi ya nchi nzima, akakimbia. Na bado Chui amemsamehe! Mama yake analia usiku na mchana. Mpeni mtu wake, amrudishe nyumbani. Chumvi hii ni asante tu."

Maneno yalikuwa laini kama uji wa mtoto. Tumbili alikuwa amekwisha kuchovya kidole kwenye mfuko, anakilamba.

"Si mnaona?" akasema Tumbili. "Watu wenyewe waungwana. Wamebisha hodi, wamesalimia, wamesamehe."

Kakakuona aliletwa. Aliposikia mama yake akitajwa, kra! Akajikunja katikati ya baraza.

"Mwenye haki hafichi uso," akasema Bweha kwa huruma.

Bwana Ngiri akawatazama wenzake. "Baraza, mnasemaje?"

"Arudi kwao," akasema mmoja. "Arudi," akasema mwingine. "Haya si mambo yetu," akasema wa tatu. Bweha akainama, akaweka mkono juu ya yale magamba.

Ndipo Bi Kanga aliposimama. Hakuwa amezoea kusema mbele ya mgeni mkubwa.

"Ndugu mjumbe, kabla hujamchukua, nina jambo dogo la kuuliza."

"Uliza, mama yangu," akasema Bweha, meno yote nje. "Uliza lolote."

"Huko kwenu, wanaokwenda kumwamkia Chui, mbona wengine hawarudi?"

Loo! Mngemwona Bweha! Tabasamu likadondoka. Masikio yakalala, manyoya ya shingo yakasimama. Akapiga kelele, "Nani amekufundisha swali hilo? Swali hilo limekatazwa! Anayeliuliza hana pa kujificha! Jina lako nani, kibibi? Sema jina lako!" Akageuka kulia, akageuka kushoto. "Na nani wengine wamelisikia? Wewe umelisikia? Wewe?"

Alimnyooshea kidole Tumbili. Tumbili, mwenye maneno kuliko wote, akatazama chini.

Bwana Ngiri akainuka polepole. "Mgeni," akasema, "ulituambia aliiba chumvi. Hukutuambia aliuliza swali."

Bweha akagundua alichofanya. Akajaribu kulirudisha tabasamu, likakataa.

"Mama huyu yuko kwao," akaendelea Bwana Ngiri. "Hapa anauliza anachotaka, hata nisipokipenda mimi. Ondoa mkono wako juu ya huyo."

"Chui atayakumbuka majina yenu yote!"

Tumbili akaunyanyua ule mfuko, akaufunga kamba, akauweka miguuni pa Bweha. "Chukua chumvi yako," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeilamba kidogo. Hiyo samahani."

Bweha akavuka mto bila kuaga.

Msidhani baada ya hapo walikaa raha mustarehe. Waliogopa. Waliweka zamu kwenye kivuko, wakawa wanashtuka kila maji yakipiga kishindo. Wako walionung'unika, "Mtu mmoja, tena si wa kwetu, na sote hatulali." Chui hakuja. Labda aliuogopa mto, labda alikuwa na shughuli na watu wake, mimi sijui.

Bwana Ngiri alikwenda hadi uani kwa Bi Kanga. Akapiga hodi, akakaa chini, akasema, "Tulikuhoji kama mwizi, na hata maji ya kunywa hatukukupa."

Kakakuona akamjibu, "Mzee, msingeacha kuuliza. Hamkunijua. Ila nilikuwa bado napumua maji ya mto."

Tumbili naye alikuja, akakaa mbali kidogo. Kakakuona akamsogezea mahali kivulini.

Habari za mama yake hakuzipata. Siku nyingine alikwenda kando ya mto, akatazama ng'ambo. Bi Kanga alifuatana naye. Hakumwambia usilie, hakumwambia yatakwisha. Alisimama naye tu, mpaka mwenyewe aseme, "Turudi, mama."

Basi ukafika msimu wa kiangazi, na baraza likakaa kuzungumzia maji. Watoto walikuwa wanaumwa matumbo. Huyu akalaumu upepo, yule akalaumu matunda. Kakakuona alikuwa amekaa nyuma kabisa. Watu wakamwona anasimama.

"Nina swali," akasema.

Baraza likanyamaza. Na kimya kile alikijua.

"Bwana Ngiri, mbona dimbwi lako la kugaagaa tope liko upande wa juu wa mahali tunapoteka maji?"

Bwana Ngiri akavimba. Uso ukamwiva. Akayatazama matope makavu mgongoni kwake, akawatazama watoto. Kakakuona akaona jinsi anavyotazamwa, na magamba yakaanza kusimama, kra, kra, kidogo kidogo. Kichwa kikaanza kuinama kwenda tumboni.

"Kweli," akasema Bwana Ngiri. "Mbona liko pale?"

Watu wakaangua kicheko, na Bwana Ngiri mwenyewe akacheka mpaka pembe zikagongana na jiwe. Siku hiyohiyo akalihamisha dimbwi lake upande wa chini wa pale wanapoteka maji. Magamba ya Kakakuona yakalala moja moja. Akakaa, uso wake ukiwa nje, akaendelea kusikiliza baraza mpaka mwisho.

Basi, ngano hii inatufundisha hivi, ndugu zangu. Akija kwenu mtu aliyekimbia kwao, mpeni kwanza kivuli na maji, maswali yatangoja. Hofu humfunga mtu mdomo, na mwenye mdomo uliofungwa si lazima awe mwongo. Na mkitaka kujua alikimbia nini, msimkague yeye peke yake. Mtazameni pia yule anayekuja kumdai.

—Nimewapa, sikuwapa?
—Umetupa!
—Imebaki yoyote kwangu?
—Haijabaki!
—Basi mikono yangu mitupu, na ngano ni yenu. Mpeni na jirani.