Siku Fisi Aliposema Ameshiba

Mwaka ule wa ukame, Kiboko alikuwa akioga kwa zamu: upande wa kushoto asubuhi, upande wa kulia jioni. Ziwa Nyamvua lilikuwa limerudi nyuma hatua mia mbili, na pale palipokuwa na maji pakabaki tope lililojaa machubwi.

Machubwi ni vile vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame. Chanzo chake kilikuwa starehe ya Simba. Simba hali samaki, lakini alikuwa amesikia kwamba wakubwa huvua kwa kujiburudisha tu, basi akajitengenezea kiti, akaketi ufukweni, akavua. Kila alipopata samaki alimwinua juu, umati ukapiga makofi, kisha samaki akarudishwa majini. Haikupita wiki, kila mnyama aliyejiona ana hadhi alikuwa na mshipi wake, mpaka Twiga, ambaye hata kuyaona maji vizuri kutoka kule juu hakuweza. Mishipi ikakatika, machubwi yakabaki chini, miaka na miaka.

Fundi wa machubwi alikuwa Fisi. Aliyeyusha risasi, akaimimina katika vitundu vya udongo, na kwa kila chubwi alipewa mfupa mmoja kutoka mezani kwa Simba. Kazi ilimpendeza. Kilichomuuma ni kimoja tu: kila samaki aliporudishwa majini, Fisi alilia machozi ya kweli.

Sasa, ndege hana meno. Bata humeza vijiwe vidogo, vikakaa kwenye firigisi, vikamsagia chakula. Mwaka ule vijiwe na machubwi vilichanganyika topeni. Mume wa Bi Bata alimeza bila kujua, shingo ikamlegea, akapepesuka siku nne, akafa. Bi Bata akabaki na vifaranga watano, nao ndio kwanza wamefika umri wa kuokota vijiwe. Alikwenda barazani akiwa amewafunga midomo kwa nyuzi za majani.

"Mfalme," akasema, "naomba machubwi ya risasi yapigwe marufuku. Wanangu siwezi kuwafunga midomo siku zote. Watakufa njaa."

Fisi akasimama upesi. "Mfalme wetu, mimi nimeishika risasi tangu ujana wangu. Haina madhara hata kidogo! Na bila risasi ndoana itaelea, nawe utakuwa unavua upepo mbele ya raia. Hawa bata wana tamaa tu. Nani aliwaambia wale mawe?"

"Mawe ndiyo meno yangu," akasema Bi Bata. "Wewe nani alikwambia uote meno?"

Simba hakupenda kuamua jambo kabla ya chakula cha mchana, kwa hiyo akaunda kamati. Mwenyekiti akawa Fisi, katibu akawa shemeji yake Fisi, na wajumbe hawakupatikana. Baada ya siku mbili katibu akasoma ripoti:

"Marehemu aliitwa mara tatu kutoa ushahidi. Hakufika, wala hakutuma udhuru. Kamati inaona amelidharau baraza."

"Amekufa!" akalia Bi Bata.

"Hilo ndilo alilotakiwa kuja kulieleza," akasema katibu.

Sungura, jirani yake Bi Bata, alikuwa amekuja barazani kucheka, na alikuwa amecheka vya kutosha. Lakini siku ile kifaranga mdogo kuliko wote aliusugua uzi wake ukakatika, akaenda kuokota vijiwe topeni. Kesho yake hakuweza kuinua shingo. Sungura akaacha kucheka.

"Mfalme," akasema, "maneno yametosha. Tushindane. Fisi avue kwa risasi yake, mimi nivue kwa jiwe la kawaida nililolifunga kamba. Mwenye samaki mzito zaidi, sheria iwe upande wake."

Simba alipenda mashindano, maana kwenye mashindano yeye hukaa mbele. Akakubali.

Sungura akatupa jiwe lake. Jiwe likazama, kama mawe yote yanavyozama, na baada ya muda akavuta kambare mkubwa, sharubu tele. Fisi naye akavua perege wa ukubwa wa kiganja. Akageuka nyuma ya kichaka kidogo, eti kumfuta tope, akarudi naye akiwa amembeba kwa mikono miwili huku akihema.

Gogo likalazwa juu ya kisiki kuwa mizani. Kambare akawekwa huku, perege kule. Upande wa perege ulishuka kwa kishindo, na kambare akaruka hewani akaangukia mapajani kwa Simba.

"Nimeshinda!" akapiga kelele Fisi. "Mmeona risasi inavyovua?"

Sungura akainama kwa heshima. "Nimeshindwa. Ila, Mfalme, samaki wa ushindi asirudishwe majini. Mwaka mzima mzee Fisi anawalilia samaki. Leo ale wake, mbele yetu sote."

"Ale," akasema Simba, akijipangusa.

Fisi akamtazama perege. Perege alikuwa mdomo wazi, na mle ndani kitu kiling'aa.

"Nimeshiba," akasema Fisi.

Kiboko akasahau zamu yake. Kobe, aliyewahi kuwajua mafisi wa vizazi saba, akaomba arudiwe neno hilo. Mke wa Fisi akaangua kilio, akidhani mumewe anakata roho.

"Umesemaje?" akauliza Simba taratibu.

"Nimefunga, Mfalme. Saumu ya sunna."

"Asubuhi umekula mguu wa kiti changu."

Sungura akasogea karibu. "Kama ni yale machubwi uliyomshindilia tumboni, mzee wangu, usiwe na hofu. Si umetuapia wewe mwenyewe kwamba hayadhuru?"

Masikio ya Fisi yakalala. "Hayadhuru bata," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nina watoto wanaonitegemea."

Bi Bata akaja mbele. Wanne walimfuata kwa miguu. Wa tano alikuwa amembeba chini ya bawa, shingo inaning'inia.

"Na mimi," akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Hata Simba, asiyejua haya ni kitu gani, aliinamisha kichwa.

Risasi ilipigwa marufuku kabla ya jua kutua. Kifaranga yule hakuiwahi sheria. Fisi na shemeji yake wakahukumiwa kuokota machubwi yote topeni, moja moja, na Bi Bata akawafuata nyuma akikagua, hana salamu wala tabasamu. Walimaliza mvua zilipoanza. Simba anaendelea kuvua kwa mawe na kujisifu vilevile.

Na pale Nyamvua, tangu siku ile, mnyama akisimama kuapa kwamba kitu fulani hakidhuru, hawaundi kamati. Wanamsogezea sahani.