Jogoo wa Siwatu

Mswada ulitaka fungu la mapato ya kamari liwanunulie zimamoto gari jipya. Kura za baraza zililingana, ikabaki ya Chande, mwenye kasino, mtu asiyewahi kukataa dau.

"Sitoi hata senti," alicheka.

Siwatu, mjumbe aliyekaa ubavuni pake, akamnong'oneza, "Mheshimiwa, namweka dau yule jogoo wangu wa kuchi unayemtamani. Huthubutu kuunga mkono mswada huu."

"Mimi? Nisithubutu?"

"Huna ubavu."

Chande aliruka, mkono juu. "Naunga! Nimekula! Jogoo wangu!"

"Umenila," Siwatu aliguna kwa huzuni.

Spika akagonga meza. "Mswada umepita!"

Chande akashusha mkono polepole.

"Jogoo nitakuletea mwenyewe," Siwatu alimwambia, "ndani ya gari jipya la zimamoto."