Waraka wa Yai la Chumvi

Palikuwa na sultani, Shehale jina lake, ambaye usultani haukumtosha. Alitaka na uanachuoni. Basi akajifungia siku tisa, akatoka na waraka wa kurasa kumi na mbili unaothibitisha kwamba kuku akilishwa chumvi hutaga yai lililokwisha kutiwa chumvi. Akaamuru uingizwe katika Jarida la Maarifa la mji wake wa Chakwaleni. Na jambo likishaingia Jaridani, jamani, ndiyo kweli yenyewe, watu wote walifuate. Kila mfugaji angewalisha kuku wake kibaba cha chumvi kwa siku, apende asipende.

Sasa Jarida hilo lilikuwa na desturi yake. Mhariri, Sheikh Mbwarali, hulikata jina la mwandishi kwa mkasi, akalifungia kisandukuni. Waraka usio na jina huenda kwa wahakiki watatu wanaoijua kazi, waseme uingie, urekebishwe au utupwe. Hawamjui mwandishi, hivyo hawamwogopi. Sultani akaikubali desturi, ila akamnong'oneza mhariri shuruti lake: wahakiki waje kusoma maneno yao barazani. Atakayeukosoa waraka afungwe kwa utovu wa adabu. Atakayeusifu afungwe kwa unafiki.

Mhakiki wa kwanza akasema waraka kama huo haujapata kuandikwa tangu karatasi iumbwe. Akafungwa. Wa pili akasema ni mzuri, ila mwandishi amesahau kuvitaja vitabu vitatu bora mno, na kumbe vyote vitatu kaviandika yeye mhakiki. Huyo alifungwa kwa makosa yote mawili. Baada ya hapo wanachuoni wote wa Chakwaleni wakashikwa na homa siku moja.

Ndipo Sheikh Mbwarali akabisha hodi kwa Mwanashali, mwanamke fukara mwenye kuku kumi na mmoja na ulimi wenye makali.

"Mwanangu, mhakiki wa tatu ni wewe. Nani ajuaye kuku kukushinda?"

"Shehe wangu, na gereza je? Nani alijuaye kukushinda wewe unayepeleka watu?"

"Ukikataa, mwanangu, waraka utapita kwa kauli za wale wawili."

Mwanashali akawatazama kuku wake. Hakuwa na mali nyingine duniani. Chumvi kibaba kwa siku, hata Ijumaa hawafiki. Aliogopa, tena aliogopa sana, lakini akaunyoosha mkono akaupokea waraka. Akausoma ukurasa wa kwanza kwa hofu. Wa pili akaanza kutabasamu. Alipofika wa tano alikuwa kakaa chini, kanga imemwanguka, anajishika mbavu.

Siku ya baraza watu walijaa hadi ngazini. Mwanashali akafungua karatasi yake, akasoma:

"Kwanza, mwandishi amemjaribu kuku mmoja tu. Pili, katika ukurasa wa tano kuku huyo anawika alfajiri. Kwa hiyo ni jogoo. Tatu, yai la jogoo huyo lilipomenywa kiini kilikuwa kigumu. Kuku wangu mimi hutaga mabichi. Namuuliza mwandishi: jogoo wake ana jiko? Nne, mwandishi hasemi jogoo alikuwaje baada ya kula chumvi siku tatu. Nasema mimi: alikuwa mchuzi. Hukumu yangu: waraka usiingie, na mpishi wa mwandishi aulizwe yai kalitoa wapi."

Waziri alijaribu kukohoa, kicheko kikamtoka puani. Basi baraza zima likapasuka, walinzi mikuki ikawaanguka. Sultani akavimba.

"Kimya! Ewe mwanamke, una adabu wewe?"

"Ninayo, bwana wangu."

"Mbona umemvunjia mtu heshima?"

"Mtu gani, bwana?"

Sultani akajinyooshea kidole. Akakirudisha.

"Huyo mwandishi!"

"Mimi simjui. Nililetewa karatasi isiyo na jina. Bwana wangu unamjua?"

"Usiniulize mimi! Karatasi ilikuwa inanukia udi wa jumba hili. Hukunusa?"

"Nalala na kuku kumi na mmoja, bwana. Pua yangu ilishastaafu."

"Na mistari ya dhahabu pembeni, hukuiona?"

"Niliiona. Nikasema, masikini, mwandishi huyu hata karatasi kaiba."

Watu wakajiuma vidole wasicheke. Sultani akasimama.

"Na lugha ile tukufu? Hukusoma panapoandikwa 'sisi tumeamuru jogoo atage'?"

"Nilisoma, bwana. Nikajua ni mtu aliyezoea kuwaamuru majogoo tu."

"Sheikh Mbwarali! Lete kisanduku!"

Kisanduku kikaletwa. Mhariri akatia ufunguo. Sultani akakitazama kisanduku, akawatazama watu, ambao kila mmoja alikuwa akimngoja mtu wa jogoo na jiko. Akauweka mkono wake juu ya kifuniko. Hakukifungua wala hakuuondoa.

Akainama, akasema polepole, "Na kama humu mna jina langu mimi?"

Mwanashali akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Astaghafiru! Nani huyo aliyekusingizia, bwana wangu? Mtaje sasa hivi, tumfunge!"