Aliyeshuka Kwenye Msimamo

Wapendwa, kulikuwa na fundi cherehani mmoja pale Mpanda, mzee Kapufi, aliyegombana na mwanawe wa pekee. Kijana huyo, Erasto, alikataa kurithi ufundi, akaenda kutafuta maisha ng'ambo. Mzee akamwambia, "Ukivuka mlango huo, usinipigie mpaka nikupigie mimi." Na hakumpigia. Miaka ikapita.

Halafu kinyozi jirani akamwingiza kwenye ule mchezo wa simu, mnaufahamu: unapewa bajeti, unanunua wachezaji wa mpira wa kweli, wakifunga unapata pointi. Bajeti haiongezwi. Ukichukua mshambuliaji mwenye jina, wengine unaokoteza. Mzee hakujua kitu, akawa wa mwisho mtaa mzima. Lakini kwenye msimamo, nafasi ya pili, akaliona jina la mwanawe, aliyekuwa akicheza na wenzake wa mtaani kutoka huko ng'ambo: Erasto.

Tangu hapo, kila siku ya mechi anaacha suruali ya mtu kwenye mashine, anauza beki, ananunua kipa, anapanga na kupangua. Si kwa ajili ya ushindi. Alitaka tu jina lake likae karibu na lile jina. Umewahi kumtamani mtu hivyo, mpaka unalipapasa jina lake kwenye kioo cha simu?

Mzee hakupanda. Ila jina la Erasto likaanza kushuka. Wa tano. Wa tisa. Mwishowe likatua juu ya la baba yake, hakuna mtu kati yao.

Mzee akacheka kwa uchungu. "Unaona, mama Erasto? Hata mpira umemshinda."

"Si umpigie?"

"Aanze yeye. Mimi ni baba."

"Na wewe ndiye uliyemkataza."

Mama akachukua simu, akapiga, akamwekea mumewe sikioni.

"Shikamoo, baba."

Sauti ile! "Marahaba," akajibu. Akapata hili tu la kuongeza: "Mbona siku hizi timu yako mbovu hivyo?"

"Niliuza wachezaji wazuri wote, baba. Bajeti imelala tu. Nilikuona kule chini peke yako, na kupiga ulinikataza. Nikaona bora nishuke mpaka ulipo wewe."

Mzee akajifunika uso kwa kitambaa cha mteja, akalia kama mtoto. "Rudi nyumbani, mwanangu," akasema. "Rudi hata kesho."

Ndugu zangu, sisi nasi tuko hivyo. Mke ananyamaza ugomvi uishe, tunasema ameishiwa hoja. Kaka anakuja msibani wa kwanza, tunasema anajipendekeza. Na Mungu mwenyewe, aliyekuwa juu ya vyote, akashuka hapa kwenye vumbi letu. Wangapi walimwona, wakasema ameshindwa?

Nakuuliza wewe, mama, wewe mzee wa kanisa, wewe uliyekaa karibu na mlango: ni nani ameshuka kukufuata, na wewe unamcheka? Usingoje nimalize mahubiri. Toka nje, mpigie.