Chuo cha Mbiu cha Mwalimu Chui

Zamani hizo za kale, wanangu, wakati Fisi alikuwa mkopeshaji na Chui alikuwa mwalimu, na msicheke kwa sababu bado sijafika pa kuchekesha, palikuwa na pimbi mmoja wa kike jina lake Siwema. Aliishi na mama yake na wadogo zake watatu katika pango la mawe, pango zuri lisilovuja.

Siwema alikuwa na mwili mdogo, lakini sauti aliyopewa haikuwa ya mwili ule. Akiwaita wadogo zake waje kula, hata majirani wa bonde la pili walinawa mikono. Tangu utotoni alitaka kazi moja tu, kuwa mpiga mbiu: yule anayesimama uwanjani na baragumu kuwatangazia wanyama habari za soko, misiba na mikutano.

Chuo cha kazi hiyo kilikuwa kimoja, cha Mwalimu Chui. Na Chui alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kutafuta wanafunzi. Wahenga walikwisha sema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ila siku hiyo mama yake Siwema aliwasahau wahenga. Alimsikiliza Chui akieleza kwa sauti laini kwamba karo ni madebe sitini ya mtama, na kwamba kila anayehitimu hulipwa madebe kumi kwa mwezi. Mama akasema hana hata madebe matatu. Chui akamwambia hilo si neno, yupo Bwana Fisi, anakopesha, na rehani ni pango tu.

Mama akabandika kidole kwenye mkataba papo hapo, na kigelegele akapiga.

Kesho yake Bwana Fisi alikuja kulikagua pango. Aligonga kuta, ko ko ko, akanusa pembe zote, akaridhika. Kisha macho yake yakawaangukia wale wadogo watatu. Akawahesabu. Akawahesabu tena, akacheka, akaenda zake.

Siwema alihisi manyoya ya mgongo yakimsimama. Rehani ni pango, sasa watoto wanahesabiwa za nini? Swali hilo halikumtoka mchana kutwa, mpaka akaamua kwenda kumwona Kwale, ambaye alihitimu chuo kile kile miaka miwili nyuma.

Alipiga hodi, akakaribishwa, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu ni nzuri ingawa hazikuwa nzuri.

"Dada Kwale, nisamehe kwa kukuuliza hivi. Unalipwa kiasi gani?"

Kwale alitazama nyuma yake kwanza. "Debe moja kwa mwezi. Mwezi wa njaa, nusu."

"Na Bwana Fisi unamlipa kiasi gani?"

"Mawili."

Siwema akaipiga hesabu ile kwa vidole, ikakataa. Akairudia, ikakataa tena. "Linaingia moja, yanatoka mawili. Hilo la pili unalitoa wapi?"

Kwale akasogea kidogo pembeni, na Siwema akakiona kiota chake. Kilikuwa kitupu, majani yake bado yana joto.

"Kila mwezi anakuja kuchukua mayai," alisema Kwale. "Anasema ni fidia ya pungufu. Miaka miwili sasa sijasikia kifaranga akilia humu ndani."

"Na mhitimu ambaye hatagi mayai, dada?"

Kwale akainamisha kichwa, akaanza kupangapanga majani ya kiota. Jani moja alilipanga mara tatu. Siwema akaaga, na alipofika njiani akaanza kukimbia.

Nyumbani waliufungua mkataba, wakausoma neno kwa neno, jambo ambalo lilipaswa kufanyika kabla ya kile kigelegele. Ulisema anayejitoa atalipa madebe yote sitini siku hiyo hiyo. Asipoweza, Bwana Fisi atachukua pango pamoja na wote waliomo. Mama akawatazama wanawe waliokuwa wakicheza mlangoni, akakaa chini. Akasema kukopa harusi, kulipa matanga, na akalia bila sauti ili watoto wasisikie.

Zilibaki siku tatu chuo kifunguliwe. Siku hizo zote Siwema aliogopa. Jani likianguka, alidhani ni Fisi. Lakini woga nao una kazi yake, wanangu, kwani anayeogopa hutazama pande zote, na mwenye kiburi hutazama mbele tu. Siku ya tatu asubuhi akaenda kwa Chui.

Alimwomba Mwalimu amruhusu apige mbiu ya ufunguzi, awaite wazazi wote na watoto wao waje wausikie ubora wa chuo, wapate kujiandikisha kwa wingi. Chui akaitazama mikono yake.

"Mbona unatetemeka?"

"Ni heshima, Mwalimu."

Jibu hilo Chui alilipenda. Bwana Fisi, aliyekuwa amelala kivulini, alisikia neno watoto akaamka.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile. Neno la mbiu ya kwanza ni habari, la mbiu ya pili ni ahadi, la mbiu ya tatu ni sheria. Na mwenye neno husimama karibu na mpiga mbiu, kila mara aitike, "Ndivyo." Akishaitika, hata Jumbe Tembo, mkuu wa nchi, hawezi kulirudisha. Chui aliifundisha desturi hiyo darasani kila mwaka, na anayefundisha jambo kila mwaka hufika mahali akaacha kulisikia.

Uwanja ulijaa. Jumbe Tembo alisimama mbele, wazazi wakajipanga na watoto wao. Chui na Fisi walisimama kushoto na kulia kwa Siwema, karibu kabisa, na pumzi ya Fisi ilinuka nyama ya jana.

Buuuu! lililia baragumu.

"Sikieni! Chuo cha Mwalimu Chui hakina mfano!"

"Ndivyo," wakaitika wawili wale.

Buuuu!

"Sikieni! Kila anayehitimu hapa hulipwa madebe kumi kwa mwezi!"

"Ndivyo." Wazazi wakanong'onezana, wakaanza kuwasukuma watoto wao mbele.

Mara ya tatu baragumu lilitaka kumponyoka, kwa jinsi mikono ilivyolowa jasho. Akamtafuta mama yake kwa macho, akamwona amewakumbatia wale watatu kwa pamoja. Buuuu!

"Sikieni! Na kwa kuwa hakuna asiyelipwa kumi, basi atakayeonekana halipwi kumi hadaiwi hata punje! Awe mhitimu, awe mwanafunzi, mkataba wake umechanika!"

Chui alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Akakifunga. Lakini Bwana Fisi alikuwa akihesabu watoto wa mstari wa mbele, amefika wa kumi na tisa, mate yanamdondoka.

"Ndivyo," akasema Fisi.

Jumbe Tembo akainua mkonga.

"Mwenye kudai ameitika," alisema Jumbe Tembo. "Na mbiu ni ya tatu. Ni sheria."

Chui akajikohoza, akasema kwa upole kwamba mtoto amekosea maneno, ni mgeni wa kazi, afadhali mbiu ya tatu irudiwe.

"Irudiwe ya nini?" aliuliza Jumbe. "Kama wanalipwa kumi, wewe na mwenzako mnapoteza nini?"

Chui kucha zilimtoka, akazirudisha. Alimtazama Siwema, na Siwema alijua kwamba kama wangekuwa wawili tu mahali pale, asingepiga hata hatua moja. Akajisogeza taratibu mpaka ubavuni mwa mguu wa Jumbe.

Jumbe akaamuru wasiolipwa kumi wajitokeze. Mwanzoni hakuna aliyethubutu, maana Fisi alikuwa akiwatazama. Kisha Kwale akapiga hatua, shingo imenyooka. Akafuata mwingine na mwingine, hata hakubaki mhitimu hata mmoja nyuma. Mikataba ikaletwa, ikachanwa, na wa mama yake Siwema ukachanwa pamoja nayo.

Wa mwisho kuja mbele hakuwa mhitimu. Alikuwa mama mmoja digidigi, amebeba kibuyu cha uji.

"Mwanangu Shomari alihitimu mwaka jana," alisema. "Hakupata kazi. Bwana Fisi akaja kumchukua, akasema atatumika kwake mpaka deni liishe. Sasa deni limekwisha, Jumbe. Naomba nimchukue, twende nyumbani."

Bwana Fisi alikuwa akicheka tangu asubuhi. Hapo aliacha.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Jumbe Tembo.

Fisi akamtazama Chui. Chui akatazama chini. Kisha wote wawili wakageuka wakakimbia, kila mmoja njia yake, na uwanja mzima ukawafuata kwa kelele na mawe. Chuo kile hakikufunguliwa tena, wala wao hawakuonekana nchi ile.

Siwema hakukimbia na wenzake. Alibaki uwanjani na yule mama, ambaye bado alikuwa amekishika kibuyu kwa mikono miwili uji usije ukapoa. Alitafuta la kumwambia, yeye mwenye sauti ya mabonde mawili, akalikosa.

Elimu ni mali, wanangu, lakini kabla hujaikopea, kamtazame aliyeikopea jana, kama leo anakula au analiwa.