Matanga ya Babu wa Kisimani

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka maana hata bibi yangu hakuambiwa, palikuwa na msitu wa serikali. Serikali ya nani? Ya Simba, ya nani tena! Pembeni mwa msitu vilikuwapo vijiji vya wanyama, na katikati yake kisima cha mawe na kaburi la kale. Alizikwa humo aliyekichimba. Jina lake lilishafutika kwenye jiwe, lakini kila aliyeteka maji alisema, "Ahsante, babu," ndipo akajitwika ndoo.

Mwaka mmoja kukawa na ukame. Mito ikakauka kau! Mbogo akaja na kitanda chake na majani yake ya akiba, akajilaza mbele ya kisima, puu!

"Aliyezikwa hapa ni babu yangu mzaa baba!" akanguruma. "Kisima ni urithi wangu. Hateki mtu!"

Ngiri alipojaribu kubisha, alirushwa kwa pembe hadi miibani. Mama Kanga akarudi na ndoo tupu, vifaranga wanalia kiu.

Mnamjua Sange? Yule mdogo kama panya, pua ndefu, miguu haitulii. Wanawe walikuwa hoi kwa kiu, na kitindamimba hata kulia hawezi tena. Sange akajifuta machozi, akaenda kisimani, chaka chaka chaka.

"Shikamoo, Mzee Mbogo."

"Marahaba. Maji hakuna!"

"Sikufuata maji, mzee. Nimekuja kukupa pole. Kumbe wewe ndiye mjukuu wa marehemu?"

"Ndiye! Wa damu kabisa!"

"Maskini! Babu wa watu hajafanyiwa matanga hata siku moja, maana jamaa zake hawakujulikana. Una ndugu wa kusaidiana naye?"

"Sina! Mrithi ni mimi peke yangu!" Mbogo akavimba kifua.

"Basi tulia hapo hapo, mfiwa."

Sange akatimka, kijiji hiki, kijiji kile. "Jamani, mfiwa amepatikana! Matanga ya babu wa kisimani yako kwa Mbogo!"

Lo! Wakaja, wanangu, wakaja! Tumbili na mikeka, Ngiri na ukoo mzima, Tembo na wake zake.

"Pole sana, bwana," Tembo akasema. "Tumekuja kukaa nawe. Chakula kinaiva saa ngapi?"

Majani yote ya akiba yakaliwa, kra kra kra! Tembo akalalia kitanda cha Mbogo, kikavunjika paa! Tumbili wakamlilia sikioni, "Uuuwi, babu yetu!" Na kila upande sauti ile ile: "Mfiwa, maji! Mfiwa, wageni wana kiu!"

Angewanyimaje wageni wa msiba? Mbogo akateka, chubwi, chubwi, peke yake, mgongo unamuuma. Kitindamimba wa Sange akanywa, akapiga chafya, akaanza kulia kwa nguvu. Mama yake akacheka kwa furaha.

"Jamani," Mbogo akahema siku ya tatu, "matanga yanaisha lini?"

"Marehemu ametungoja miaka yote hii," Tembo akajibu. "Hatuna haraka."

"Si babu yangu!" Mbogo akalipuka. "Simjui! Sijapata kumwona!"

Sange akauliza taratibu, "Na kisima, mzee?"

"Si changu! Tekeni, mniache!"

Mikeka ikakunjwa. Mama Kanga akamkumbatia Sange, "Ahsante, shoga yangu, umetuokolea watoto." Sange akaonyesha kaburi kwa pua yake ndefu. "Twende tukamshukuru mwenyewe." Wakalifagia wote, wakang'oa magugu, wengine wakiimba.

Mbogo alikuwa amesimama kando. Siku zote zile aliwatekea wengine, yeye hakuonja. Sange akamsogezea ndoo. Mbogo akanywa mpaka mwisho, akainamisha pembe zake.

"Ahsante, babu," akasema.

"Si ulisema humjui?" Tembo akamtania.

"Simjui," Mbogo akajibu. "Lakini maji yake nimeyanywa."

Basi, wanangu, tulichoachiwa wote na waliotutangulia tukitumie wote, tena kwa shukrani. Haya, koo limenikauka, nani ananiletea maji?