Kifuu cha Bibi Yake Kicheche

Jumanne, tarehe nane ya Mfungo Tatu, saa tatu asubuhi. Ishikeni saa hiyo, wakubwa kwa wadogo. Sasa nasema paukwa.

Nanyi semeni pakawa. Semeni polepole, maana hadithi hii ina maiti ndani.

Hapo zamani za kale palikuwa na mtaa wa wanyama, jina lake Bananeni. Nyumba zimesongamana, vibaraza vimegusana, njia ni moja. Wachuuzi wa sokoni walikuja na mikokoteni, kwata, kwata, wakaiacha milangoni mwa watu, wakaenda zao. Wenyeji wakachoka. Walikuwa na haki ya kuchoka.

Kicheche, mjumbe wa mtaa, akasema, "Kila mwenyeji mwenye mkokoteni nitampa kifuu kilichopakwa chokaa, akitundike mkokotenini, na kila kifuu kitakuwa na nafasi yake. Mkokoteni usio na kifuu ukiegeshwa hapa, tutaufunga mnyororo."

Mtaa mzima ukashangilia. Hata Kanga alishangilia, ingawa hakuwa na mkokoteni.

Basi Jumanne ile, saa tatu, mkewe Kanga akabanwa na kifua. Pumzi haipandi, haishuki. Akaitwa Kobe, tabibu wa ng'ambo ya mto. Kobe akaja na mkokoteni, Punda akiuvuta. Mlangoni kwa Kanga palikuwa na nafasi tupu. Wakauegesha hapo, wakaingia ndani.

Kobe akamsikiliza mgonjwa. Akasema, "Bwana Kanga, tumchukue kwangu sasa hivi, nikamfukize dawa. Alazwe mkokotenini. Mgongoni mwa Punda hafiki."

Wakambeba. Kutoka nje, gurudumu limefungwa mnyororo. Nguchiro, mlinzi wa mtaa, amekaa kibarazani anachokonoa meno.

"Nguchiro, fungua. Mke wangu anakufa."

"Kifuu kiko wapi?"

"Huyu ni tabibu. Mwenyeji ni mimi."

"Wewe mwenyeji wa miguu, shemeji. Huna mkokoteni, huna kifuu. Na ufunguo anao Kicheche."

"Kicheche yuko wapi?"

"Anakunywa chai."

Mkokoteni mwingine haukuwapo, yote ilikuwa imekwenda sokoni. Kanga akakimbia, akakimbia, akafika. Kicheche hakuinuka. Alichovya mkate, akatafuna.

"Nafasi ile ina mwenyewe," akasema.

"Nani? Ilikuwa tupu."

"Bibi yangu."

"Bibi yako tulimzika mwaka juzi. Jeneza nililibeba mimi."

"Kifuu chake hakijafa."

Kanga akatazama ukutani. Vifuu saba vimetundikwa. Cha bibi. Cha shangazi aliyehama. Cha mjomba asiyejua hata kusukuma mkokoteni. Cha mtoto ambaye hajazaliwa. Kumbe nafasi zote zile zilizokaa tupu kutwa zilikuwa za Kicheche.

Kanga akasema, "Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu amekuja. Wewe umemfunga mnyororo."

Kicheche akamaliza kikombe. Akapangusa mdomo. Akaja kwa mwendo wa bibi harusi. Ufunguo ukazunguka, kacha, gurudumu likawa huru.

Bi Kanga alikuwa amelazwa mapajani mwa Kobe. Kobe alikwisha kumfumba macho.

"Inna lillahi," akasema Kobe. "Bwana Kanga, hatuna tena safari."

Wakamzika alasiri. Makaburini Kicheche akaja, akanyoosha mkono wa pole. "Sheria ni sheria, ndugu yangu," akasema.

Kanga akauacha mkono hewani. Akasema mbele ya watu wote, "Siku ulipotoa vifuu, nilishangilia. Kosa langu nimelizika leo. Lako bado liko juu ya ardhi."

Waliporudi mtaani, kila mwenye kifuu akakivua mkokotenini mwake, akakibeba hadi barazani kwa Kicheche, akakivunja. Pwa. Pwa. Pwa. Kisha wakaingia ndani, wakavitungua vile saba vya ukutani. Cha bibi walikivunja mwisho.

Enyi mnaonisikiliza, sheria isiyomwona mgonjwa ni dhuluma, hata ikipigiwa makofi. Na anayeipigia makofi kwa sababu inamwumiza mwenzake, ajue zamu yake iko njiani.

Hadithi yangu imeishia hapo, barazani kwa Kicheche. Anayetaka kucheka akachekee kwao.

Ee Mola, mrehemu Bi Kanga, na wetu wote waliotangulia mbele yako wakati sisi tunabishana njiani. Wasamehe makosa yao. Yapanue makaburi yao, uyatie nuru. Amina.